Kutazama kazi kwa jamaa aliye daktari wa meno kabla ya kuomba chuo: maswali ninayoulizwa Malindi

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka, simu yangu haitulii. Mara ni mzazi, mara ni mwanafunzi mwenyewe, na swali karibu ni lile lile: kuna ami, halati au shemeji ambaye ni daktari wa meno, je, mtoto akakae kwake? Mimi ni mtoto wa Malindi, sasa ni daktari wa meno, na kiti changu cha kwanza kilikuwa kigoda cha plastiki pembeni mwa kliniki ya mjomba wangu, ndugu wa mama. Nimeamua kuyaandika majibu mara moja ili nipate kupumua.

Ninaposema "kutazama kazi" nina maana ya kukaa na daktari siku nzima anapohudumia wagonjwa, macho na masikio wazi, mikono mfukoni.

Nikikaa kwa mjomba, saa hizo zinahesabiwa?

Kwako wewe mwenyewe zinahesabiwa zote. Kwa anayesoma maombi yako, si zote.

Huyo msomaji hakujui, wala hamjui mjomba. Anachoona ni mtu wa familia anayethibitisha kwamba mtoto wa dada yake alikuwa hodari. Mjomba gani atasema vinginevyo? Hata ungesinzia kwenye kochi la mapokezi kutwa, yeye angeandika kwamba ulikuwa makini. Hakuna anayemwita mwongo. Ila shahidi wa nyumbani ni shahidi wa nyumbani, na hata kwenye mambo ya ndoa tunatafuta mashahidi wengine.

Kwa hiyo anzia kwake. Ukishajua kusimama pasipo kumziba daktari taa, ukajua jina la kila koleo, mwombe akupigie simu kwa wenzake wawili watatu. Hiyo simu ndiyo zawadi kubwa ya kuwa na jamaa daktari, kuliko saa utakazokaa kwake. Vijana wengi hukaa kwa mjomba miezi mitatu na simu hiyo hawaiombi.

Vyuo vya hapa Kenya vinadai jambo hili?

Hapana. KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, haikuulizi ulikaa kwa nani. Inatazama alama zako za KCSE na masomo ya kundi, yaani yale ambayo kozi inayadai, Biolojia na Kemia yakiwa mbele, na shahada ya udaktari wa meno ni katika zile zinazochukua wenye alama za juu kabisa. Chuo Kikuu cha Nairobi wanaifundisha, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret pia. Ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini, ndipo baraza la madaktari, KMPDC, likuandikishe kikamilifu. Ukivuka kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, ni miaka 5 vilevile na mwaka wa mafunzo kazini juu yake.

Basi ya nini kujisumbua? Kwa sababu miaka 6 ni mingi kuipoteza. Nilisoma na kijana mwenye akili kunishinda mara mbili. Tulipofika kwenye wagonjwa, akagundua kwamba hawezi kabisa harufu ya jino lililooza likifunguliwa. Hakujua, maana hakuwahi kuingia kliniki ila kama mgonjwa. Aliacha. Wiki mbili kwenye kigoda zingemwambia mapema.

Na ukiona huna alama za shahada, usiione njia imefungwa. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana stashahada ya afya ya kinywa ya jamii na nyingine ya ufundi wa meno. Kutazama kazi kutakuonyesha watu hawa wanafanya nini, na huenda ukapenda yao zaidi.

Binamu yangu yuko Marekani, anasema huko ni lazima. Ni kweli?

Kwa vyuo vingi vya huko, ama ni sharti ama wanapendekeza sana. Lakini kwanza fahamu mpangilio wenyewe, kwa sababu wazazi wa hapa huchanganyikiwa: Marekani mtu hatoki sekondari moja kwa moja kwenda udaktari wa meno. Husoma shahada ya kwanza, kawaida miaka 4, ndipo aombe chuo cha meno, miaka 4 mingine. Mwishowe hupewa DDS au DMD, majina mawili ya shahada ileile. Kuna mtihani wa kuingilia uitwao DAT. Maombi ya vyuo karibu vyote hupitia mfumo mmoja, AADSAS. Na ukitokea Kenya, jua kwamba vyuo vingi vitataka masomo ya sayansi uliyosomea Marekani au Kanada, hata kama una shahada ya hapa.

Ndani ya mfumo huo kuna sehemu ya kujaza ulikotazama kazi: mahali, tarehe, idadi ya saa, na jina la aliyekusimamia. Vyuo vingi hupendekeza saa 100 hivi, vingine hutaka chache, vingine havitaji idadi. Wanapenda uwe umeona zaidi kazi ya daktari wa meno wa kawaida, halafu kidogo ya mabingwa, kama wa waya za meno au upasuaji wa taya. Kuhusu jamaa, kila chuo kina msimamo wake: kipo kinachokubali bila neno, kipo kinachotaka saa za jamaa ziwe nyongeza tu juu ya zile za watu baki. Soma tovuti ya kila chuo unachoomba, usitegemee maneno ya binamu, hata kama yuko hukohuko.

Na Uingereza?

Huko unaweza kutoka sekondari ukaingia, na kozi huwa miaka 5. Maombi ya udaktari wa meno hupitia UCAS, mfumo wao wa maombi ya vyuo, na mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba, mapema kuliko kozi nyingine nyingi. Nimeona vijana wakikumbuka Novemba. Wao hawana hamu kubwa ya kuhesabu saa. Wanachotaka ni ulichojifunza, na watakuhoji juu yake uso kwa uso. Mtu aliyekaa siku tano akazitafakari humshinda aliyekaa siku hamsini akichezea simu.

Barua ya mwalimu inayokwenda UCAS haiandikwi na jamaa, rafiki wala mchumba. Hilo wameliweka wazi.

Mjomba aniandikie barua ya mapendekezo?

Hapana, hata kama ndiye daktari mashuhuri kuliko wote wa mwambao. Anachoweza kuandika ni uthibitisho mfupi: fulani alikuwa kliniki kwangu kuanzia tarehe hii hadi hii, saa kadhaa, na mimi ni mjomba wake. Basi. Sifa zako ziandikwe na mwalimu wako wa Kemia, au daktari mwingine uliyekaa naye ambaye humwiti kwa jina la udugu.

Kuna ujanja naujua, naona afadhali niutaje: mjomba na mwenzake wanabadilishana, huyu anamwandikia mtoto wa yule na yule wa huyu, bila watoto kukanyaga kliniki. Kwenye mahojiano utaulizwa ulimwona daktari huyo akifanya nini siku mgonjwa alipokataa sindano, na jasho litakutoka.

Nitaje kwamba ni jamaa yangu?

Taja, na utaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Sentensi moja inatosha: "Niliianza safari hii kwenye kliniki ya mjomba wangu." Kisha endelea na ulichokiona. Ukificha, jina la ukoo linaweza kukutoa, au ulimi wako mwenyewe ukuteleze katikati ya mahojiano, "Mjomba akaniambia..."

Wengine huona haya, kana kwamba kuwa na jamaa daktari ni upendeleo. Ni upendeleo kweli. Lakini kuzaliwa kwenye ukoo si kosa.

Nimwombeje bila kuonekana namtwisha mzigo?

Kwetu mtoto haombi jambo kama hili kwa ujumbe wa WhatsApp. Nenda nyumbani kwake, baada ya magharibi akiwa ametulia. Shikamoo, habari za nyumba, chai. Usimtume mama akuombee. Najua ndiyo desturi, na mama akimwambia kaka yake hawezi kukataa. Ndiyo maana nasema usimtume. Unataka akubali kwa kuwa amekutazama usoni akaona una nia.

Sema unataka nini hasa: siku ngapi, kuanzia lini, na kwamba akiona unamkwamisha akuambie uondoke. Yeye ana wagonjwa wanaolipa, na kliniki nyingi za mjini kwetu ni chumba kimoja chenye kiti kimoja. Mtu wa ziada ndani ni mwili unaozuia njia.

Ukishaingia, huyo si mjomba tena. Ni Daktari. Mbele ya wagonjwa nilimwita Daktari tangu siku ya kwanza, naye akaniita kwa jina langu, si "mwanangu". Mgonjwa akisikia "mwanangu" huanza kuuliza habari za ukoo, na hadithi ikinoga, ganzi inaisha jino bado lipo.

Ndani ya chumba naruhusiwa kufanya nini?

Kutazama. Kuuliza, mgonjwa akishatoka. Basi.

Hapa ndipo jamaa ni hatari zaidi ya mgeni. Daktari baki atakuweka mbali kwa sababu hakuamini. Mjomba anakupenda, na siku kliniki imejaa msaidizi hayupo, atakwambia "hebu shika hiki kidogo". Leo unashika kioo, kesho mpira wa kunyonya mate, kesho kutwa yeye yuko kwenye simu na wewe una kitu mdomoni mwa mtu. Kataa kwa adabu. Huna leseni, na likitokea la kutokea ni leseni yake itakayojibu mbele ya baraza. Tena ukiandika kwenye maombi yako kwamba "ulisaidia kung'oa" ukidhani ni sifa, msomaji atasoma kwamba hujui mipaka.

Kazi za nje ya kinywa zipo tele. Mimi nilifundishwa jinsi vyombo vinavyosafishwa kutoka kiti hadi kabati: kuoshwa, kukaushwa, kufungwa, kisha mashine ya mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3. Nilisimama mbele ya mashine ile nikihesabu dakika kama anayesubiri mahamri yaive.

Kabla ya yote, uliza habari ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Sindano zake ni tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Kama hukupata utotoni, anza mapema. Na hata kama hugusi kitu, vaa barakoa na miwani. Ile mashine ya kutoboa jino hurusha mate hewani kuliko unavyodhani.

Kuna la kuogopa kuhusu siri za wagonjwa?

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na nitalieleza kwa aibu yangu mwenyewe.

Wiki yangu ya pili kwa mjomba aliingia mwanamume wa mtaani kwetu kurekebishiwa meno ya bandia. Kijana kabisa, na hakuna aliyejua kwamba meno yake mawili ya mbele si yake. Jioni, tukila, nikalitaja. Sikuwa na ubaya. Nilitaka kuonyesha nilivyojua meno ya bandia yanavyoshikiliwa. Sikujua kwamba watu wake walikuwa wamepeleka posa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kabla ya Ijumaa maneno yalikuwa yamefika.

Posa haikuvunjika, namshukuru Mungu. Ila yule kijana alirudi kliniki, hakupiga kelele, akamwambia mjomba kwamba hatakuja tena. Mjomba hakunigombeza pia. Alinipa kigoda changu nikibebe nikipeleke nyumbani, nikae nacho wiki mbili. Nyumbani kila aliyeingia aliuliza kile kigoda ni cha nini.

Nairobi ukitaja mgonjwa bila jina, hakuna atakayemjua. Malindi ukisema tu "yule mwenye duka karibu na msikiti", umekwisha mtaja. Tena kwa kuwa uko kwa jamaa, meza ya chakula ya nyumbani na kliniki ni karibu kitu kimoja, na shangazi atakuuliza kwa upole kabisa nani alikuja leo. Jawabu ni "watu wengi, shangazi." Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika zile zinazolindwa zaidi. Usipige picha, usichukue eksirei kwa simu hata kama ni nzuri, usiandike majina. Na daktari amuulize kila mgonjwa, wewe ukiwa nje, kama ana pingamizi wewe kuwepo. Akisita tu, toka.

Niandike nini kwenye daftari?

Tarehe, saa ulizokaa, jina la daktari, na kama ni jamaa au la. Hayo ni mifupa. Nyama ni ulichokiona na kilichokusumbua akili.

Wengi huandika: "Leo nimeona kuziba meno mawili na kung'oa moja." Hiyo ni stakabadhi. Linganisha na hii, kutoka daftari langu, nimeisafisha kidogo: "Mama wa makamo, gego la kwanza la chini kushoto, namba 36. Lingeweza kutibiwa mzizi likabaki. Akauliza bei, akauliza na ya kung'oa, akanyamaza, akasema ling'olewe. Daktari hakumshinikiza. Alimweleza mara mbili kwamba meno ya jirani yatasogea. Baada ya kuondoka nikamuuliza kwa nini hakusisitiza. Akasema: jino ni lake na pesa ni zake, langu ni kuhakikisha amejua."

Ukurasa mmoja kama huo utakufaa kwenye mahojiano kuliko orodha ya saa 200.

Na hapa kwetu una utajiri wa kuandika. Utaona fizi za bibi aliyetafuna tambuu miaka arubaini, zimegeuka rangi ya matofali. Utaona mashavu ya vijana wa muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Serikali ya kaunti ya Kilifi ilijaribu kuupiga marufuku mwaka 2024 na vinywa tunavyofungua vinaeleza kwa nini. Utamwona mzee wa Mambrui asiyetumia ila mswaki wa mti maisha yake yote. Meno ya mbele yanang'aa, magego ya nyuma, ambako mti haukufika, yamekwisha. Utamwona Mtaliano wa Watamu aliyekuja kulalamika rangi ya jino ambalo mvuvi angelifurahia. Mambo haya mwombaji wa jiji kubwa hana. Sielewi kwa nini watoto wetu huyaacha wakaandika kwamba "tangu utotoni nilipenda tabasamu".

Nikizimia?

Kaa chini kabla hujaanguka. Kula asubuhi. Hutokea kwa wengi na hakuna atakayekucheka, ila msaidizi, naye atacheka wiki nzima.

Mwezi wa Ramadhani niende?

Nenda, lakini uliza saa za kazi, zitakuwa zimebadilika. Kwa mjomba mchana palikuwa patupu, kisha watu wakaja baada ya futari na wakati mwingine tulikaa hadi usiku. Swali la kila siku ni kama sindano ya ganzi inafunguza. Usilijibu wewe. Mjomba, ambaye amefanya kazi miaka mingi, bado humwambia mgonjwa amuulize sheikh wake, na ambaye jino halimuumi sana humpangia usiku. Kuona jinsi anavyolishughulikia swali lile bila kujifanya mufti ni somo tosha.

Jamaa yangu si daktari hasa, ni fundi wa meno. Au "anang'oa" tu nyumbani.

Ni vitu viwili tofauti kabisa. Fundi aliyesomea, anayetengeneza meno ya bandia, nenda kwake ujifunze. Andika waziwazi kwamba ni fundi, na saa zake usizichanganye na za daktari. Wa pili, anayeng'oa kwenye baraza bila leseni, usikae naye hata nusu saa, awe ami au awe nani. Leseni ya kutibu huhuishwa kila mwaka na orodha ya madaktari iko kwenye tovuti ya KMPDC. Tafuta jina kabla hujaenda. Kumwangalia jamaa yako kwenye orodha si kumkosea heshima.

Mimi sina jamaa daktari hata mmoja.

Basi una kazi zaidi mwanzoni na maelezo machache mwishoni. Andika barua fupi kwa msimamizi wa hospitali ya serikali, Malindi au Kilifi, ueleze u mwanafunzi wa wapi na unaomba siku ngapi. Ambatisha barua ya shule. Peleka kwa mkono, asubuhi, umevaa vizuri. Wasipojibu wiki mbili, rudi. Kliniki za watu binafsi ingia ukaulize mapokezi saa ambazo hapana foleni. Utakataliwa. Mimi, pamoja na simu za mjomba, nilikataliwa na wawili.

Na kukiwa na kambi ya matibabu ya bure, jitolee kupanga foleni na kutafsiri Kigiriama ikiwa unakijua. Siku moja kambini utaona vinywa vingi kuliko wiki nzima kliniki.

Saa ngapi kwa jamaa, ngapi kwa wengine?

Sheria hakuna. Rai yangu: za jamaa zisizidi theluthi. Binamu yangu alipoomba Marekani alikuwa na saa nyingi kwa mjomba kuliko pengine pote. Nikamwambia arudi likizo ijayo atafute wengine. Alinuna, kisha akaenda.

Nimlipe mjomba kitu?

Hatapokea. Siku yangu ya mwisho nilimpelekea kilo ya halua. Akaitazama, akaniuliza ninampelekea daktari wa meno sukari kwa nia gani, kisha akanituma niipeleke mapokezi, kwa dada aliyekuwa akiniruka na kigoda changu miezi yote ile.